NYUMBA HAIKUWAKO, LAKINI FEZA ILITOKA

Unajua vizuri maneno ya orodha. Mvua ya usiku inaangusha nyumba, upepo unabeba mabati. Asubuhi shefu wa avenyu anapita na daftari yake: nani amepoteza nyumba, ana watoto wangapi, vitu gani vimeharibika. Lakini habari inatembea mbio kumupita shefu: "Mukuje! Wako wanaandika majina, Leta italeta mabati!" Mbele ya saa sita, daftari ina majina mingi kupita nyumba zilizoanguka. Huyu, bati lake moja tu limepinda. Yule anakaa kartie ingine kabisa. Mwingine ameandikisha jina lake, jina la bibi yake, na jina la mukwe wake aliyekufa zamani.

Juu ya watu hawa tunasikia maneno mawili. Wamoja wanasema: "Acha tu, ni feza ya Leta. Haina mwenyewe." Wengine wanasema kwa hasira: "Wote waende buloko, tena wakae kule miaka!" Maneno yote mawili ni mepesi kusema, na yote mawili yanaweza kumuumiza mutu asiye na kosa.

Katika kurasa hizi ninataka tutazame inchi moja iliyochukua njia ya mashitaki, tena kwa nguvu. Inchi hiyo ni Marekani, baada ya tufani iliyoitwa Katrina. Watu zaidi ya 1,300 walishitakiwa kule. Tutaona namna uongo ulivyopita, namna waongo walivyokamatwa, na namna Leta yenyewe ilivyosumbua watu wasiokuwa waongo. Kiisha tutarudi kwetu, maana neno hili si la Wamarekani peke yao.

MAJI YALIPOINGIA NDANI YA MUJI

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina ilipiga pwani ya kusini ya Marekani, katika majimbo ya Louisiana na Mississippi. Sehemu kubwa ya muji wa New Orleans iko chini kuliko usawa wa bahari. Muji unalindwa na kuta na tuta za kuzuia maji. Siku ile kuta zilivunjika, na karibu sehemu 80 kwa mia za muji zikajaa maji. Watu walipanda juu ya nyumba zao kuita musaada. Zaidi ya elfu moja walikufa. Zaidi ya milioni moja walikimbia makao yao. Kati ya wale waliobaki ndani ya muji, wengi walikuwa masikini wasiokuwa na motokari ya kukimbilia.

Leta ya Marekani ina ofisi ya kusaidia watu wakati wa misiba kama hiyo, jina lake FEMA. Ofisi hiyo ilikata shauri ya kutoa musaada mbio: dola 2,000 kwa kila jamaa iliyofukuzwa na maji, juu ya chakula, nguo na pahali pa kulala. Nyuma yake kulikuwa musaada wa kupanga nyumba, dola 2,358 kwa miezi mitatu. Tena kulikuwa feza ya kutengeneza nyumba iliyoharibika. Kwa jumla, katika mupango ule, jamaa moja haikuweza kupita dola 26,200. Watu wengine walilazwa katika hoteli kwa garama ya Leta, na baadaye jamaa zaidi ya laki moja zilipewa nyumba ndogo za magurudumu.

Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Nyumba iliyoharibika iwe ndiyo makao yako ya kweli. Iwe ndani ya eneo la musiba. Jamaa moja iombe mara moja tu. Na kile asiransi imekwisha kukulipa, usikiombe tena kwa Leta.

NAMNA UONGO ULIVYOPITA

Mutu aliweza kuomba kwa ordinatere ao kwa telefone. Wale waliopita kwa ordinatere, jina lao na namba yao ya uraia vilichunguzwa kwanza. Wale waliopita kwa telefone, hapana: karani aliandika tu yote aliyosikia. Na wengi walipiga telefone. Ni kama nyumba yenye milango miwili, mumoja una mulinzi na mwingine umeachwa wazi. Mwivi atapita wapi?

Kuko ofisi ya Bunge la Marekani inayochunguza hesabu za Leta, inaitwa GAO. Wachunguzi wake walifanya jaribio: waliomba musaada kwa majina ya uongo na anwani za uongo. Sheki za dola 2,000 ziliwafikia! Katika mwaka wa 2006 ofisi hiyo ilitoa hesabu yake. Kwa kila dola 100 za musaada uliotolewa kwa jamaa mupaka Februari ya mwaka ule, karibu dola 16 zilikwenda kwa watu wasiostahili. Kwa jumla ilikuwa kati ya dola milioni 600 na dola miliari 1.4.

Sikia mifano michache. Mumoja alitoa anwani ya nyumba iliyoharibika, lakini fasi ile ilikuwa makaburi. Maombi zaidi ya elfu moja yaliandikwa kwa majina na namba za watu waliokuwa gerezani, na Leta ililipa. Wengine walilala katika hoteli bure, na feza ya kupanga nyumba wakapewa vilevile. Karti za banki zilizotolewa juu ya chakula na nguo zilitumiwa kununua pombe ya bei kali, na hata kumulipa avoka wa kuvunja ndoa.

Hapa tusimame kidogo. Juu ya nini Leta iliacha mulango wazi? Kwa sababu watoto walikuwa wanalala katika uwanja wa mupira bila kitu. Kama ofisi ingengoja kuchunguza kila jina, mama mwenye mutoto mugonjwa angengoja pia. Kutoa mbio ni tendo jema. Lakini ni tendo ambalo mwivi analitazama kwa furaha, kwa sababu anajua kwamba siku ya musiba hakuna mutu ana nafasi ya kuuliza maswali. Anayedanganya wakati huo anaiba feza, tena anaiba imani ambayo bila hiyo musaada hauwezi kutembea mbio. Kesho Leta itaogopa, itaweka karatasi kumi kwenye mulango, na yule atakayesimama inje na mvua kichwani ni musinistre wa kweli.

Njo maana maneno ya "feza ya Leta haina mwenyewe" si kweli. Ina wenyewe wawili: yule aliyelipa kodi, na yule aliyepoteza nyumba.

MASHITAKI YALIANZA MBIO

Tarehe 8 Septemba 2005, siku kumi tu baada ya tufani, wizara ya haki ya Marekani iliunda kundi la pekee la kupigana na udanganyifu huo. Makao yake yaliwekwa katika muji wa Baton Rouge, Louisiana. Waliwekwa pamoja waendesha mashitaki, polisi wa upelelezi, wachunguzi wa posta na wachunguzi wa hesabu wa ofisi mbalimbali. Mbele ya hapo kila ofisi ilikuwa na karatasi zake, na mutu aliweza kudanganya ofisi tatu kwa siku moja. Sasa karatasi ziliwekwa juu ya meza moja.

Walifanya namna gani? Kazi ilikuwa ya subira kuliko ya nguvu. Walilinganisha majina na namba za uraia: namba hii ni ya mutu aliyekufa; namba hii imetumiwa mara sita; namba hii haijapewa mutu yeyote. Walilinganisha anwani: avenyu hii haina nyumba ya namba 140. Walifwata sheki: ilitumwa wapi, nani alitia sahihi, banki gani ililipa. Waliuliza mwenye nyumba kama mupangaji huyu alikaa kwake. Tena waliweka telefone ya bure ambayo raia wote waliweza kuitumia kutoa habari.

Mutu akifika mbele ya tribinali, muendesha mashitaki anapashwa kuonyesha mambo ine. La kwanza, mutu huyu alisema neno fulani ao aliandika. La pili, neno lile ni uongo. La tatu, alijua kwamba ni uongo. La ine, alisema vile ili apate feza. Shika sana lile la tatu, tutarudi kwake.

Watu walioshitakiwa hawakuwa wa Louisiana peke yake. Walitoka majimbo mengi, wengine mbali sana na bahari ile, kwa sababu kwa telefone mutu wa fasi yoyote anaweza kusema: "Mimi ni wa New Orleans." Katika jimbo la Illinois, kaskazini, mwanamuke mumoja alisema kwamba aliona kwa macho yake watoto wake wawili wa kike wakikufa ndani ya maji. Watoto wale hawakuwako. Yeye mwenyewe hakuwa anakaa New Orleans. Katika 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Fikiri mama mwingine wa New Orleans, ambaye kweli alipoteza mutoto, akisikia habari ile.

Haki haikutazama wale wa inje peke yao. Wakubwa wawili wa FEMA, katika kambi moja ya New Orleans, walikamata matabishi ili wahesabu chakula mingi kupita kile kilichopikwa, na mwenye kupika alipwe zaidi. Wote wawili walikubali kosa lao mbele ya tribinali na kuhukumiwa kifungo.

Katika Januari 2008 sheria mupya ilitiwa sahihi: mwenye kudanganya juu ya musaada wa musiba uliotangazwa na Rais anaweza kufungwa mupaka miaka 30. Ile ni kipimo cha juu. Kwa kweli wengi wa wale wadogo walipewa miezi, ao kifungo cha inje chini ya uangalizi, pamoja na amri ya kurudisha feza yote. Usisahau amri ile ya kurudisha. Mutu akikaa gerezani na feza ikabaki imekulwa, yule aliyepoteza nyumba hajapata kitu.

Jambo moja linafurahisha. Habari ya mashitaki ilipoenea, watu wengi walirudisha feza kwa mapenzi yao wenyewe, mamilioni ya dola. Unakumbuka Zakayo: hakuna askari aliyemushika, lakini alisimama na kusema wazi kwamba atarudisha. Mulango wa kurudisha ukiwa wazi, tribinali haitajaa.

KUKOSEA SI KUIBA

Sasa tufikie upande ambao wenye hasira hawapendi kuusikia.

FEMA ilikuwa na kanuni: nyumba moja, ombi moja. Ni kanuni nzuri wakati jamaa iko pamoja. Lakini maji yalitawanya watu. Mume alipandishwa bisi ya kwenda Texas, bibi na watoto wakapelekwa Georgia, na kwa majuma hakuna aliyejua kama mwenzake ni muzima. Kila mumoja, akiwa bila kitu, alipiga telefone kuomba musaada. Katika karatasi ni anwani moja, maombi mawili. Je, ni wevi? Tena kulikuwa nyumba ambazo ndani yake walikaa watu wa jamaa mbalimbali, kila mumoja akilipa chumba chake. Wa kwanza alipewa, wa pili akafukuzwa kwamba anwani imekwisha kutumiwa. Watu walipeleka maneno hayo mbele ya tribinali, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Halafu miaka ikapita. Katika 2011 FEMA ilianza kutuma barua kwa watu zaidi ya 80,000, ikidai warudishe feza walizopokea katika misiba ya miaka iliyopita, wengi wao wakiwa wenye hasara ya Katrina na ya tufani Rita iliyofwata. Deni lote lilikuwa karibu dola milioni 385. Kati ya wale waliopata barua kulikuwa waongo, ndiyo. Lakini kulikuwa pia wazee walioandika kila neno kwa ukweli, na karani wa FEMA ndiye aliyekosea kuhesabu. Feza ilikwisha kulipa kodi ya nyumba na chakula miaka mitano ao sita mbele. Wangeitoa wapi?

Njo Bunge likatunga sheria katika Desemba ya mwaka ule ule, kuruhusu FEMA kusamehe deni kama kosa lilikuwa la ofisi na mutu hakuwa na lawama, na kama mapato yake si makubwa. Lakini sheria ile ikasema wazi: aliyedanganya kwa kusudi hasamehewi. Unaona sasa lile jambo la tatu? "Alijua kwamba ni uongo." Pale ndipo njia inagawanyika. Mwenye kukosea anaandikiwa barua, anasikilizwa, anapangiwa namna ya kulipa ao anasamehewa. Mwenye kudanganya anaitwa mbele ya mwamuzi.

Kuko jambo lingine ambalo litawagusa wasomaji wengi wa kambi zetu. Katika Louisiana na Mississippi, jamaa nyingi za watu Weusi zilikaa katika nyumba ya babu. Babu alikufa bila kuandika urisi. Baba alikaa, kiisha mutoto, kiisha mujukuu. Walitengeneza dari, walilipa kodi, lakini karatasi ilibaki na jina la babu. Siku ya kuomba musaada wa kujenga, ofisi iliuliza: "Karatasi ya nyumba iko wapi?" Jina halikuwa lao, wakarudishwa. Hawakuwa wevi. Mulango uliowekwa kumuzuia mwivi ndio uliowazuia wenye nyumba. Ni katika Septemba 2021 tu FEMA ilibadilisha kanuni yake na kukubali karatasi za namna zingine. Na kama hakuna karatasi hata moja, inaweza kukubali tangazo ambalo mutu mwenyewe anaandika na kutia sahihi. Miaka 16 ilikuwa imepita toka Katrina.

Haki inapashwa kutembea na miguu miwili. Muguu mumoja unamufwata mwongo; mwingine unamufwata yule wa kweli aliyebaki inje. Ukikata mumoja, haki inachechemea.

LONDON VILEVILE

Usizanie kwamba ni tabia ya inchi moja. Tarehe 14 Juni 2017, katika London, Uingereza, jumba refu linaloitwa Grenfell liliungua usiku. Watu 72 walikufa. Waliookoka walipewa hoteli, chakula na feza. Mutu mumoja ambaye hakukaa pale hata siku moja alisema kwamba bibi yake na mutoto wake walikufa ndani ya moto. Alipokea musaada wa pauni zaidi ya 10,000 kabla ya kugunduliwa. Katika 2018 alihukumiwa miezi 21.

Mwaka ule ule mwanamuke aliyekuwa mukubwa wa hesabu katika halmashauri ya muji, mwenye kazi ya kutunza feza ya wale walioungua, alihukumiwa miaka mitano na nusu. Alitumia karti zilizotayarishwa kwa ajili yao, pauni zaidi ya 60,000, kwa safari na muchezo wa feza. Linganisha hukumu hizo mbili. Aliyesimama kwenye mustari kwa uongo alipata miezi 21. Aliyekuwa na ufunguo alipata miaka mitano na nusu. Ni sawa hivyo. Kadiri mutu anavyopewa imani, ndivyo azabu yake inavyopashwa kuwa nzito.

NA KWETU?

Sisi pia tuna misiba, na tuna sheria. Tarehe 22 Mei 2021 mulima wa moto wa Nyiragongo ulipasuka karibu na Goma. Nyumba maelfu ziliungua, na majina ya wasinistre yakaandikwa. Katika Katanga tunajua mito inayojaa, na makorongo yanayokula avenyu. Tena katika fasi za mine kuko jambo la jirani. Jamaa zinapopashwa kuhama kwa sababu shimo linapanuliwa, na nyumba zinahesabiwa ili zilipwe, kuko watu wanaosimamisha kibanda usiku, matofari bila msingi, bati mbili juu, ili kesho kihesabiwe kama nyumba. Si Leta inayolipa pale, lakini uongo ni ule ule, na wanaoumia ni wale wale.

Wengine wanasema kwamba hapa hakuna sheria ya maneno hayo. Iko. Katika kitabu cha sheria za azabu cha inchi yetu, musitari wa 98 unamuhusu mwenye kupata mali ya mwingine kwa jina la uongo, kwa cheo cha uongo ao kwa hila: kifungo cha miezi mitatu mupaka miaka mitano, pamoja na amende. Musitari wa 124 unahusu karatasi za uongo, kama atestasio iliyotengenezwa ao sahihi ya kughushi. Na musitari wa 145 unamuhusu mutu wa Leta anayekula mali aliyopewa kutunza: kazi ngumu toka mwaka mumoja mupaka miaka 20. Soma tena tarakimu zile. Sheria yetu yenyewe inaona kwamba mwenye ufunguo ana kosa kubwa kupita mwenye kusimama kwenye mustari.

Lakini mara ngapi tumeona kinyume? Mama aliyeandikisha watoto sita mahali pa wane anafokewa mbele ya watu wote, na lori la mabati lililopotea njiani haliulizwi na mutu. Mashitaki yakikamata wadogo tu, watu hawatajifunza kusema ukweli. Watajifunza kwamba kosa ni kuwa mudogo. Huyo mama amekosea, na aambiwe hivyo. Lakini lori liulizwe kwanza.

MAMBO YA KUFANYA SIKU YA ORODHA

Musomaji mupenzi, labda wewe ni shefu wa avenyu, ao uko katika komite ya kartie, ao ni jirani tu. Katika habari ya Katrina kuko mafundisho tunayoweza kutumia bila ordinatere.

1. Orodha iandikwe fasi ya musiba yenyewe, nyumba kwa nyumba, si katika ofisi ao chini ya muti. Nyumba iliyoanguka haiwezi kutembea mupaka ofisini, lakini mwongo anaweza.

2. Waandikaji wawe zaidi ya mumoja, na mumoja wao awe mama. Kila nyumba iwe na shahidi wawili wasiokuwa wa jamaa ile. Kule Marekani walitumia namba za uraia kumujua mutu. Hapa kwetu jirani anajua nani alilala wapi.

3. Orodha isomwe wazi, mbele ya watu, ao ibandikwe ukutani siku mbili ao tatu kabla ya kugawa. Jina la uongo linaogopa muchana. Tena yule aliyesahauliwa atapata nafasi ya kusema: "Na mimi?"

4. Jamaa iliyotawanyika, mupangaji, mujane anayekaa katika nyumba ya marehemu bila karatasi, wote wasikilizwe kabla ya kukatwa. Mutu akikosa karatasi, majirani wake washuhudie. Asiitwe mwivi kabla hajasema.

5. Mutu aliyeandikisha uongo apewe siku ya kujifuta mwenyewe ao kurudisha, bila kufokewa. Siku ile ikipita, maneno yaende kwa polisi na tribinali, si kwa fimbo za vijana. Kumupiga mutu si haki, na mwaka mwingine itakuwa zamu ya asiye na kosa.

6. Hesabu ya vitu vilivyofika na hesabu ya vitu vilivyogawiwa ziandikwe juu ya karatasi moja, na kila mutu aweze kuiona. Mabati 500 yalifika, 500 yalitoka, kwa nani? Hapo mwenye ufunguo naye anasimama muchana.

Na kama wewe mwenyewe jina lako liko katika orodha moja ambako halipashwi kuwa, usingoje shefu akugundue. Nenda kwake jioni, mutu na mutu, umwambie alikate. Itakuwa aibu ya dakika tano. Bati lile litakwenda kwa nyumba ambayo watoto wake wanaona nyota wakilala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Jirani yetu ameandikisha nyumba isiyoanguka. Tumwambie yeye kwanza, ao shefu? Juu ya nini?

Mutoto wako anakuuliza: "Baba, feza ya Leta ni ya nani?" Utamujibu namna gani?

Bibi na mume wameachana, kila mumoja ameandikisha watoto wale wale. Ni uongo, ao ni shida? Tutajua kwa njia gani?